Mwaka Nilipogeuzwa Mgeni

Binti wa Rukia alinipigia simu asubuhi moja, nikiwa jikoni nachambua mchele, akaniambia kwa Kifaransa kilichochanganyika na Kimalagasi kwamba mama yake amefariki, wamemzika Mahajanga jana yake alasiri. Nikasema yanayosemwa. Kisha akasema, "Mama alikuwa akikutaja sana, mama mkubwa. Alisema mlikuwa mkilala kitanda kimoja." Nikamjibu kwamba ndiyo, ni kweli, tulilala kitanda kimoja. Ijumaa yake nikafanya hitima hapa Mombasa, nikawapikia wasomaji pilau, na wajukuu waliponiuliza marehemu alikuwa nani kwangu nikasema ndugu yangu, nikainuka kwenda kutafuta chumvi, ingawa chumvi ilikuwa mbele yangu. Sikulia. Nimewalilia watu wengi maishani, hata majirani niliogombana nao, lakini kwa Rukia chozi halikuja. Nadhani ni kwa sababu ya mwaka ule, ambao sijapata kumhadithia mtu mwanzo hadi mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na ushee, mshoni wa nguo, nakaa kwa Mjomba Salimu huko Mahabibo, mtaa wa ndani wa Mahajanga ambako maduka yamebanana na nyumba za mbao na mabati. Nyumba ya Mjomba ilikuwa na vyumba vitatu na ukumbi. Mjomba na mkewe Bi Amina walikuwa na chumba cha mbele, cha kati kilikuwa cha Rukia, binti yao wa pekee, na cha nyuma kilikuwa changu. Ndicho chumba ninachokijua kuliko vyote nilivyolala hadi leo: dirisha lenye mlango wa mbao wa buluu, cherehani ya mkono juu ya kasha, na ukuta wa mabati ambao saa nane mchana ulikuwa moto wa kukaangia yai. Rukia hakupenda kulala peke yake, kwa hiyo chumba chake kilikuwa cha nguo tu. Yeye alilala kwangu. Asubuhi tulipakana liwa usoni, ile ambayo kule huitwa masonjoani, tukaketi ukutani tukila mokari za moto, vile vikate vya mchele na nazi, na kunywa maji ya ukoko wa wali. Tulisema Kisakalava, Kimalagasi cha pwani ile, na ndani ya nyumba tukachanganya na Kingazija cha Bi Amina. Kiswahili kilikuwa cha maulidi, cha majina ya vitambaa na viungo, na cha bibi yangu wa kisiwa cha Nosy Be alipokasirika. Haya mazungumzo ninayoyaandika nayafasiri kwa lugha niliyoizeekea.

Nchi ya Wamalagasi ilikuwa imepata uhuru karibuni. Mimi na Rukia tulishona vitambaa vyeupe, vyekundu na vya kijani mpaka vidole vikaota sugu, tukaimba barabarani hadi sauti zikakauka. Hakuna aliyetuambia kwamba baada ya kuimba tutapangwa. Babu yetu alikuwa mmoja, mtu aliyetoka Mrima, na wake zake walikuwa wawili. Mama yake mama yangu alikuwa wa Marodoka, Nosy Be, katika ukoo wa wafanyabiashara waliokuja kwa bahari kama yeye. Mama yake Mjomba Salimu alikuwa Msakalava wa Mahajanga. Zamani tofauti hiyo ilikuwa ya vyungu tu, huku mchuzi wa nazi, kule nyama na majani. Sasa ikawa ya kisheria. Mjomba akawa mwananchi na bintiye mwananchi, na mimi, niliyezaliwa katika nyumba ileile, nikaambiwa ni mgeni mkaazi.

Sikuona ubaya wake mwanzoni. Mgeni mkaazi alipewa kadi, na kadi ilimtaka awe na mdhamini, mwananchi wa kusema huyu anakaa kwangu na chumba chake ni hiki. Mjomba alinisimamia bila hata kuombwa. Ukitaka kusafiri ulipewa kibali cha kutoka na kurudi, nacho kilikuwa na mwisho wake. Kikikaribia kwisha uko ng'ambo, mdhamini aliweza kukuombea nyongeza. Asipoomba, ukaazi wako umekufa, hata kama kaburi la mama yako liko pale mtaani, na langu lilikuwa pale. Tulizungumza mambo hayo kwenye sinia ya wali kama watu wanavyozungumza bei ya samaki, tukicheka. Mjomba alipenda kunitania: "Mgeni, nipitishie achari."

Kabla ya mvua za mwaka ule ilifika habari kwamba Bi Mwanaidi, dada mkubwa wa mama yangu aliyeolewa Mombasa, ameanguka akavunjika nyonga, na hana binti wa kumuuguza. Bi Amina ndiye aliyesema kwanza kwamba niende. Alisema kwa upole sana, huku akinitilia mataba ya pili, majani ya muhogo na nazi anayojua nayapenda. "Damu ni damu, mwanangu. Mwezi mmoja miwili, unarudi." Mjomba akashughulikia kibali mwenyewe, akaenda ofisini na kurudi akiwa na jasho na furaha. Wakati huohuo alianza kuja nyumbani kijana mmoja wa Unguja, Yusufu, mfanyabiashara wa karafuu, mpole, mwenye mikono safi, ambaye alimchumbia Rukia. Mdhamini wake alikuwa amehamia kusini na kadi yake ilikuwa ikining'inia. Nilijua hilo kama nilivyojua mambo ya majirani. Sikulihusisha na mimi.

Siku chache kabla sijasafiri, wakati wa joto la mchana ambapo Mahajanga yote hufunga milango na kujilaza, nilikuwa nimelala sakafuni chumbani, Rukia kando yangu akikoroma kidogo. Upande wa pili wa ukuta wa mbao nikasikia Bi Amina akisema, "Wanahesabu vyumba, si watu." Mjomba akajibu kitu nisichokishika. Kisha Bi Amina: "Basi chumba kitakuwa wazi. Mungu ndiye anayepanga." Nikatabasamu peke yangu. Nilidhani wanapanga kunipakia chokaa chumba nikiwa safarini, kwa maana nilikuwa nimelalamika juu ya kutu. Nikageuka nikaona Rukia amefumbua macho. Hakuwa akikoroma tena. Alinitazama, akanifunika shuka miguuni ingawa kulikuwa na joto la kufa mtu, akafumba macho. Kwa miaka mingi nimejiuliza msichana anayejua na asiyejua wanatofautiana wapi usoni. Sijapata jibu. Alikuwa na uso wake uleule.

Mombasa nilimkuta Bi Mwanaidi kitandani, mkali na mwenye aibu ya kugeuzwa na mtu. Nilimwosha, nikamlisha, nikajifunza kumtembeza kwa kumkumbatia kiunoni kama watu wanaocheza dansi, na Kiswahili cha maulidi kikageuka kuwa Kiswahili cha sokoni. Mfupa haukuunga upesi. Nilipoona kibali changu kinakaribia mwisho nilitaka kuondoka, lakini mgonjwa alikuwa hajaweza hata kufika chooni peke yake. Nikampigia Mjomba telegramu aniombee nyongeza. Jibu lilikuja haraka: mambo yako tayari, usiwe na wasiwasi, muuguze mgonjwa. Nilimsomea Bi Mwanaidi kwa sauti, naye akainua mikono akamwombea Salimu dua ndefu, yeye na kizazi chake. Nami nikaitikia amina. Tarehe ya kibali ikapita nikiwa nasonga ugali, moyo umetulia kabisa.

Bi Mwanaidi aliposimama nikapanda meli iliyopitia Moroni na kutia nanga kwanza Nosy Be. Nilishuka bandarini Hell-Ville nikisikia harufu ya langilangi kabla sijaona ua lolote, nikiwa na kanga za Rukia ndani ya kikapu, maana nilisikia kwa mabaharia kwamba ameshaolewa. Polisi wa bandari alikitazama kibali changu mbele na nyuma. "Hiki kimekufa, mama." Nikamwambia kuna nyongeza, mdhamini wangu ameomba Mahajanga. Akaenda kuuliza kwa redio, akakaa huko, akarudi amebadilika, kwa huruma zaidi, na huruma yake ndiyo iliyonitisha. Hakuna nyongeza. Jina langu limefutwa katika wakaazi. Kwa kuwa nina bibi mzee kisiwani atanipa ruhusa fupi ya mtalii, nimwone bibi, nifike Mahajanga nikachukue vitu vyangu, kisha niondoke. Neno hilo la mtalii nililisikia kama mtu anayeitwa kwa jina la jirani.

Bibi yangu, Koko, nilimkuta Marodoka akikaanga samaki na kuwatukana kuku. Alinikumbatia na mwiko mkononi. Nilimwambia ni kosa la ofisi, nitakwenda kulisahihisha. Akageuza samaki, akasema, "Ofisi haikujui, Zuhura, hata ikukosee. Kuna mtu aliyekwenda kukutaja." Nikamkasirikia, nikamwambia yeye daima hampendi Mjomba kwa sababu ni mtoto wa mke mwenzake. Hakubishana. Aliniwekea samaki mkubwa, yeye akala kichwa, na alasiri akanisindikiza hadi njiani kwa mwendo wake wa kuyumba, akinishika mkono kwa nguvu isiyo ya kizee. Yeye mwenyewe alikuwa na kadi kama yangu, na tangu uhuru hakuwa ametoka kisiwani hata kwenda harusi. Siku hiyo nilielewa kwamba haukuwa ukaidi wa uzee.

Mahajanga nilipanda posiposi kutoka bandarini, kile kigari cha kukokotwa na mtu, nikampa mvutaji njia kwa Kisakalava, huku nikitazama maduka yangu na misikiti yangu nikajisemea kwamba haiwezekani. Mlangoni Bi Amina alinipokea kwa machozi mengi. Aliharakisha kunikalisha ukumbini, akaleta mokari. Nikamwambia natia mzigo chumbani kwanza. "Kaa, mwanangu, umechoka." Nikapita. Chumba kilikuwa kimepakwa chokaa kweli. Cherehani yangu ilikuwa uvunguni mwa kitanda kipya cha futi tano, na ukutani, kwenye misumari niliyoigongelea mimi, zilining'inia kanzu na mashati ya mwanamume. Yusufu alikuwa ameketi dirishani akisoma. Aliinuka, akanipa salamu kwa heshima, akatazama sakafu, akachukua kofia yake akatoka nje ya nyumba. Kati ya watu wote wa nyumba ile ndiye pekee aliyeona haya siku hiyo.

Asubuhi yake nilikwenda ofisi ya wageni. Karani alikuwa mtu mwenye miwani, mstaarabu, na alinikumbuka kwa jina. "Mimi mwenyewe nilikuja kwenu kukagua," akasema. "Tulipokelewa vizuri, tukapewa chai. Mjomba wako alisema hatakudhamini tena kwa kuwa umehama. Sisi hatufuti mtu kwa neno la mtu mmoja. Nikamuuliza yule binti, nikamwambia wewe ndiwe uliyelelewa naye, hebu sema. Akasema umeolewa Mombasa, una mimba, na kwamba umefurahi sana." Nilimwonyesha mikono yangu, sijui kwa nini, kama vile ndoa huonekana mikononi. Nikamwambia sijaolewa. Alivua miwani akaifuta. "Basi mlete yeye aseme hivyo. Mmoja wao akija hapa aseme tulikosea, nafungua tena shauri lako, tunakagua nyumba upya. Ruhusa yako ya kukaa inaisha keshokutwa. Nikiwa peke yangu na neno lako siwezi kitu."

Nilimngoja Mjomba arudi kutoka kazini. Alikula kwanza, nami nikamtazama akila. Alipokwisha nawa nikasema, "Mjomba, uliniambia mambo yangu yako tayari."

"Nilisema umuuguze mgonjwa. Umemuuguza, Mungu atakulipa."

"Ulisema nisiwe na wasiwasi."

Akajifuta midomo polepole. "Zuhura, mwanangu, sikiliza. Nyumba hii ni ya vyumba vitatu. Wangekubali mgeni mmoja chini yangu, si wawili. Wewe una pa kwenda. Mombasa una mama yako mkubwa, ana nyumba ya mawe. Yusufu wangemfukuza, na huyu," akamwonyesha Rukia aliyekuwa amesimama mlangoni, tumbo limeanza kuonekana chini ya salovana, ile nguo ya kujifunga, "huyu angemfuata wapi? Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia usingeondoka."

Alisema hivyo bila ukali, kama anayeeleza hesabu iliyotoka sawasawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa uongo, na ule ukweli ukanikuta sina ngao. Bi Amina akaanza kulia tena. Nilitoka nikaenda uani, Rukia akanifuata, tukaketi penye kinu kama tulivyoketi siku zote, yeye akichana chana vipande vya makuti. Jua lilikuwa bado juu na jirani alikuwa akitwanga mpunga.

"Nilisema neno moja tu," akasema.

"Ulisema matatu. Nimeolewa, nina mimba, nimefurahi."

"Nilidhani yatakuwa kweli. Wallahi nilijiambia, kule Mombasa mtu mzuri kama Zuhura hawezi kukaa bila kuolewa." Akanishika goti. "Mimba ilikuwa yangu. Nilikuwa nimeijua wiki ile ile, na sikuwa nimemwambia mtu, na yule bwana akaniuliza nami ikanitoka hivyo."

Nilimweleza alivyosema karani. Nilimwambia hakuna atakayekamatwa. Watakagua nyumba tu, huenda wakaturuhusu sote wawili, mimi na mumewe, nami nitalala hata ukumbini. Huenda pia Yusufu akaambiwa atafute mdhamini mwingine. Sikumficha hilo. Machozi yalimtiririka, yakaharibu liwa usoni. Kisha akasema, "Kesho nitakuja. Nenda mbele ukashike zamu, mimi nitakufuata nikishawapikia. Wallahi, Zuhura, nitakuja." Nikamkumbatia. Usiku huo alilala na mumewe chumbani kwangu, nami nikalala chumba cha kati, katikati ya nguo zake za usichana.

Nilishika zamu kabla ofisi haijafunguliwa. Kulikuwa na benchi refu la mbao kwenye ukumbi wa nje, na Wahindi, Wangazija na Wayemeni wamekaa wakiwa wamevaa vizuri kama watu wa msibani. Kila kivuli kilichopita mlangoni nilikiinulia kichwa. Zamu yangu ilipofika nikampisha aliyenifuata, kisha mwingine, mpaka nikawa nyuma ya wote. Mama mmoja wa Kihindi alinigawia chapati yake akaniuliza namngoja nani. Nikasema dada yangu. "Atakuja," akasema, "dada huja." Ofisi ikafunga kwa mapumziko ya mchana, ikafungua tena, joto likapungua. Mwishoni karani alitoka mwenyewe, akatazama benchi lililobaki na mimi peke yangu, akatazama barabara pande zote mbili kama anayenisaidia kutafuta. "Samahani, binti," akasema, akaufunga mlango taratibu, asije akautia kishindo.

Sikurudi Mahabibo. Nililala mtaa wa Tanambao kwa mwanamke niliyekuwa namshonea, na cherehani yangu nikaiacha ilipokuwa. Maisha yaliyonifuata hayakuwa mabaya. Niliolewa Mombasa kweli, nikapata mimba kweli, na kuna siku nilifurahi, kwa hiyo yote aliyoyasema Rukia yalitimia, na ndiyo sababu yamenichoma mara mbili. Koko alifariki mvua zilizofuata. Niliomba ruhusa ya kwenda kumzika, na jibu likanikuta tumeshasoma arubaini yake. Rukia alinitumia chupa za achari ya maembe kwa kila msafiri aliyepata, mwaka baada ya mwaka, bila neno la maandishi. Niliwagawia majirani. Walisema ni tamu sana. Huwa wanasema mtu akifa umsamehe, na mdomo wangu umeshasema nimemsamehe. Mjomba nilimsamehe zamani, kwa kuwa yeye alifanya alichofanya kwa ajili ya mwanawe, nami nina wana. Lakini yeye hakuniapia. Aliyeniapia ni Rukia, na hata leo sijui kama asubuhi ile alivaa buibui akafika hata penye kona, au alikaa tu jikoni akipika, akasubiri siku ipite.

Kesho yake, baada ya siku ile ya benchi, nilikwenda bandarini. Afisa aliyekaa kwenye meza ya wasafiri alikuwa kijana wa nyanda za juu, amehamishiwa pwani karibuni; nilimjua kwa lafudhi, na kwa jinsi joto lilivyomtesa. Alinitaka kadi yangu ya ukaazi, akaitia kwenye droo. Akaniuliza maswali ya kawaida nami nikamjibu yote, na kwa kuwa lugha yake ya pwani ilikuwa bado nzito nikamsaidia neno hapa na pale. Akanitazama kwa mshangao mwema.

"Unasema Kimalagasi vizuri sana," akaniambia. "Wageni wengi hawawezi hivi. Umejifunzia wapi?"

Nikamwonyesha kwa kidole, juu ya mapaa ya maghala, upande wa Mahabibo. Akageuka akatazama huko, hakuona kitu, akanigongea muhuri.